Je, Wajua? Rubani Anayetua Barabarani

Je, wajua kwamba huko Walikale, Kivu Kaskazini nchini Kongo, mahali paitwapo Kilambo, ndege zilikuwa zikitua juu ya barabara ya lami? Siku za pupa ya kasiteriti, madini ya bati, ya machimbo ya Bisie, askari walizuia njia, pikipiki zikasogea vichakani, ikashuka ndege ndogo kama zile L-410 za Kicheki. Ilipakia karibu tani 2 za mawe na kurudi Goma. Mawe hayo yalikuwa yametolewa msituni na wapagazi, kila mmoja na gunia la kilo 50 mgongoni. Nchi kavu ilikuwa na njia pia, ile ya kupitia Masisi na Sake, lakini mvua ikinyesha malori hulala kwenye tope. Marubani wengi wa Kilambo walikuwa wanaume kutoka Urusi na Ukraine.

Je, wajua kwamba wanawake nao wameruka katika anga ya Kongo wakiwa na sare za kijeshi? Nayma Haque na Tamanna-E-Lutfi, marubani wa kwanza wa kike katika jeshi la Bangladesh, walitumwa Desemba 2017 kurusha helikopta katika MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Kongo.

Lakini kisa kinachonikaa moyoni ni cha jirani. Katikati ya miaka ya 1990, ndege ilishindwa kusimama ikapita mwisho wa uwanja nchini Kongo, na baba wa msichana mmoja Mnyarwanda akafariki. Msichana huyo ni Esther Mbabazi. Ndugu wengine hawakuelewa kwa nini baada ya hayo atake kazi ya urubani. Alianza mafunzo Soroti, Uganda, akayaendeleza Miami, na mwaka 2012, akiwa na miaka 24, akawa mwanamke wa kwanza wa Rwanda kurusha ndege za abiria.

Kenya ilikuwa imetangulia. Irene Koki Mutungi, binti wa rubani, alikuwa mwanamke pekee kwenye vyumba vya marubani vya Kenya Airways kwa miaka 6. Mwaka 2014 akawa Mwafrika wa kwanza wa kike kuwa kapteni wa Boeing 787.

Hofu ya ndege kuishiwa na uwanja, kama ile iliyomuua baba yake Esther, si porojo. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, lava ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ya Goma. Mji wenyewe uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka.

Na neno lenyewe? Rubani ni neno la baharini, mwongoza chombo. Huko Kivu wengi husema piloti, kwa mkopo wa Kifaransa. Yote mawili hayasemi kama aliyeshika usukani ni baba au mama. Aliyeinama kando ya lami Kilambo, mikono machoni kwa vumbi la rafadha, hakujua pia, mpaka mlango ulipofunguliwa.