“Game” ya simu na “game” ya Tsavo

Kijana wa Voi akikwambia yuko kwenye gemu, basi yuko kwenye simu au uwanjani. Mzee wa Sagalla akitaja askari wa gemu, anakusudia wale wa wanyamapori, KWS ya leo. Na dereva wa watalii anayetoka alfajiri kwenda “game drive” hana mchezo wowote. Anawapeleka wageni kutazama ndovu. Neno ni hilo hilo moja.

Asili yake katika Kiingereza cha kale ni furaha, burudani. Humo ndimo ulimotoka mchezo wa mpira na wa karata. Lakini wakubwa wa Uingereza walikuwa na burudani nyingine, kuwinda, na jina la burudani likamhamia mnyama mwenyewe. Hata nyama yake mezani wakaiita “game”.

Kiswahili hakichanganyi hivyo. Mchezo ni mchezo, mawindo ni mawindo. Nasi Waislamu tunajua kuwinda kuna hukumu zake; Sura Al-Maida inamkataza aliye katika ihramu kuua mnyama wa kuwinda wa nchi kavu. Si jambo la mzaha.

Hapa kwetu neno hilo lilibeba mengi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na idara nzima ya “game”. Mzungu aliyelipia leseni akampiga ndovu risasi kwa kujifurahisha aliitwa mwindaji. Mwaata aliyemwinda kwa upinde na mshale wa sumu, kama walivyofanya babu zake, aliitwa jangili. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa 1948, na katika msako mkubwa wa miaka ya 1956 na 1957, David Sheldrick akiwa msimamizi wa Tsavo Mashariki, Waata wengi walikamatwa na kufungwa. Simtetei anayeua ndovu kwa ajili ya pembe. Nasema tu kwamba ndovu alikuwa burudani ya mmoja na kosa la mwingine.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya 1977. Sheria ya 2013 inawaita “wildlife”, wanyamapori, na humo mwanadamu naye ametajwa: fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Mazao na mifugo pia imo. Dai hupelekwa kwa kamati ya kaunti, nayo huchunguza kabla ya malipo kuidhinishwa, na hapo ndipo watu wetu wanaposubiri mpaka wanachoka.

Kwa hivyo ndugu zangu mnaotafsiri barazani, Mwatate au Kasigau, msimwachie mkulima neno “gemu” likining'inia. Semeni mnyamapori, semeni hasara, semeni fidia. Mama aliyeamka akakuta mahindi yake yamelala chini anataka kujua karatasi gani ajaze, na ndani ya muda gani.