Mukombero wa Kawangware na Msitu wa Kakamega

Msomaji, ukishuka garini pale Kawangware 56 jioni, huenda ukamkuta kijana mwenye kikapu cha njugu karanga na vifungu vya mizizi ya hudhurungi. Mizizi hiyo ndiyo mukombero. Ndugu zetu kutoka magharibi ya Kenya, ambao ni wengi mtaani humu, huutafuna wakiamini kwamba unaleta hamu ya chakula na kuongeza nguvu za kiume. Sisi wengine tumewaiga, na sababu tunazijua wenyewe. Nilipomwuliza mwuzaji mmoja unatoka wapi, alinijibu, "Kwetu, mzee, huko msituni Kakamega." Nikafunga safari.

Wengi wetu tukisikia msitu wa mvua huwaza Kongo. Kumbe msitu ule ulienea zamani hadi Uganda na kuingia kwetu, na kipande chake cha mwisho upande wa mashariki ni hiki cha Kakamega. Wakoloni waliutangaza kuwa wa serikali mwaka 1933, ukiwa na kilomita za mraba zipatazo 240. Karibu nusu ya eneo hilo haina tena miti ya asili. Tembo na nyati walikwisha toweka zamani.

Lakini waliobaki, jamani! Mbega huruka juu kabisa, manyoya yao meupe yakipepea kama kanzu. Huko Kisere, upande wa kaskazini, yupo kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe kama mzee wa baraza. Usiku hutoka poto, mnyama mdogo mwenye macho makubwa ambaye hutembea polepole mno hata utadhani amesahau aendako. Aina za ndege zapita 300. Hondohondo akipita juu yako, mabawa yake huvuma kama gari moshi. Kasuku wa kijivu, ambaye wengi wetu tumemwona tunduni tu, bado yupo, ingawa ni wachache sana.

Sehemu ya kaskazini, yaani Buyangu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, nayo husimamiwa na Shirika la Wanyamapori. Sehemu ya kusini, kuzunguka Isecheno, imo mikononi mwa Shirika la Misitu. Huko ndiko nilikotaka kufika, kwa sababu wananchi wana mkono wao. Zamani mwanakijiji akionekana msituni alihesabiwa kuwa mwizi, naye akajifunza kuiba vizuri. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu majirani waunde chama na kutia sahihi mapatano ya kuusimamia msitu pamoja na serikali. Chama cha hapa kinaitwa Muileshi. Wanachama huotesha miche na kusaidia kulinda. Nao, kwa ada, huruhusiwa kuokota kuni kavu, kukata majani na kulisha ng'ombe.

Karibu na hapo lipo kundi la wakulima wa Muliru. Hao walichukua mmea wa msituni wa jamii ya mrehani, wenye harufu ya kafuri, wakaupanda mashambani mwao, wakakamua mafuta na kutengeneza marhamu iitwayo Naturub, ya kupaka mtu mwenye mafua au aliyeumwa na wadudu. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mimi nawasifu zaidi kwa jambo moja: wanavuna shambani, na msitu unabaki na mali yake.

Mukombero nao waweza kupandwa vivyo hivyo. Ule wa msituni ni mmea utambaao juu ya miti. Aung'oaye mzizi huua mmea wote, na kesho yake sharti aende mbali zaidi. Mama mmoja alinionyesha wake, umeparamia mparachichi nyuma ya jiko.

"Huu nimeulea mwenyewe," akasema. "Lakini dalali wa Nairobi akija, anataka bei ile ile ya wa msituni. Ule hakuna aliyeupalilia, mwanangu. Mimi nitamshindaje?"

Siku ile alikuwa amekataa kuuchimba, akingoja bei ipande.