Njia Zisizotokea

Wapimaji wa miji wana swali moja la msingi: ukifika mwisho wa mtaa wako, una njia ngapi za kuendelea? Kariakoo, jijini Dar es Salaam, una tatu, wakati mwingine zaidi. Lori likiziba mtaa huu, unakata kona unapita wa pili. Goba au Chanika, pembezoni mwa jiji hilohilo, unapita njia, inapinda, inabana, kisha inagota kwenye geti la mtu. Haitokei.

Kipimo cha pili ni mzunguko. Jirani anaweza kuwa mita 50 nyuma ya ukuta wako, lakini kumfikia ni kurudi hadi barabara kubwa, kusogea mbele, kisha kuingia tena ndani. Hapo mtoto wa shule anapandishwa bodaboda, na gari la zimamoto linachelewa.

Hali hii ina chanzo. Dar es Salaam ilikua kwa kufuata barabara nne: Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Katikati yake yalibaki mashamba. Mwenye shamba la mikorosho huuza kidogo kidogo. Dalali hupima kwa futi kamba na kuacha kinjia cha kumfikisha mnunuzi kwake, basi. Shamba la pili nalo huachiwa kinjia chake. Hakuna anayelipwa kuviunganisha, hivyo vyote humwaga magari kwenye barabara ileile moja. Na wanaozitegemea barabara hizo ni wengi: Sensa ya 2022 ilihesabu jijini watu zaidi ya milioni 5.3. Foleni ya asubuhi huanzia humo ndani, kwenye vinjia.

Na kosa hili halifutiki upesi, kwa sababu mtaa ukishachorwa hubaki. Mitaa ya Kariakoo ilichorwa enzi za Wajerumani. Nyumba za Kiswahili zimebomolewa, maghorofa yamepanda, mistari ni ileile. Nchini Marekani, watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walionyesha mwaka 2015 kwamba ujenzi wa mitaa isiyoungana ulifika kilele katikati ya miaka ya 1990, kisha ukaanza kupungua. Lakini ile iliyokwisha kujengwa bado ipo, na watu wanaishi humo.

Wapo watakaosema mitaa iliyoungana ni anasa ya matajiri. Sikubali. Sinza, humuhumu Dar es Salaam, ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Barabara zilitangulia, kila mtu akajijengea kwa uwezo wake. Tofauti yake na kwingine ni kipi kilitangulia.

Leo urasimishaji wa makazi unakuja nyumba zikiwa zimesimama, na majirani wanabembelezwa kurudisha kuta nyuma ili gari lipite. Kwa hiyo ndugu msomaji unayetafuta kiwanja, usiishie kuuliza hati. Uliza njia ya mbele yake inatokea wapi. Kama haitokei, kaeni na majirani pale serikali ya mtaa, mkubaliane ipite wapi kabla tofali la kwanza halijashushwa.