Tiyo za chuma zilizolala kando ya masomo yetu

Wamama wenzangu, tangu mwezi uliopita kuna swali moja linalonifuata sokoni, kanisani na hata kwenye mlango wa darasa. Tiyo zile kubwa nyeusi zilizopangwa kando ya ukuta wa masomo zimetoka wapi, na mbona hazizikwi ili maji yafike? Swali la pili munaniuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu ya mtoto yule aliyevunjika mguu. Nitajibu yote mawili. La pili linanigusa mimi mwenyewe.

Nianze na tiyo. Hizi si za plastiki kama zile tunazonunua kwa kuleta maji ndani ya parseli. Ni za fonti, yaani chuma kilichoyeyushwa motoni na kumiminwa ndani ya kalibu inayozunguka kwa kasi, mpaka chuma kinajitandaza sawasawa pande zote. Ndani wanapaka simenti ili maji yasigusane na chuma. Nje wanapaka zinki, kisha rangi nyeusi. Fonti ya zamani, ile iliyozikwa wakati wa Wabelgiji, ilikuwa ngumu lakini ilipasuka kama sahani. Fonti ya sasa inatiwa magnesiamu kidogo, dawa iliyogunduliwa katika miaka ya 1940, na ikigongwa inavumilia bila kupasuka. Ikizikwa vizuri, mjukuu wako atakunywa maji ya tiyo ile ile.

Ubaya wake ni uzito. Tiyo moja ya kwetu ina urefu wa metre 6 na mdomo wa milimita 300, na inapita kilo 300. Wanaume wanne wenye nguvu hawaiinui kwa usalama. Zile za milimita 600, ambazo zinapita kwenye barabara kubwa, moja peke yake inakaribia tani nzima.

Sasa fikirini safari. Kongo yetu ina bahari upande wa magharibi, na bandari ya Matadi iko kwenye mto, lakini kutoka Matadi kufika Lubumbashi lazima mzigo ubadilishe treni, mto na treni tena, na njia hiyo imechoka. Kwa hiyo mizigo mingi ya Katanga inapitia nchi za wengine: Dar es Salaam, Durban, Beira, na siku hizi Lobito kule Angola. Tiyo zetu zilishuka Dar es Salaam. Kutoka pale mpaka hapa ni karibu kilometa 2000 kwa barabara.

Habari za njia nilizipata kwa shofere mmoja Mtanzania. Alikaa siku tatu kwenye avenue yetu akingojea grui ya kushusha mzigo, na kila mchana alikula bukari na sombe kwenye malewa ya mama mmoja wa chama chetu. Alinisalimia “Shikamoo, mama mwalimu,” nami nikacheka, maana huku kwetu shikamoo tunaisikia kwa nadra na mimi bado sijazeeka hivyo. Yeye alisema lori, mimi kamyo. Yeye alisema bomba, mimi tiyo. Lakini tulielewana vizuri.

Alinieleza jambo ambalo sikulijua. Nilikuwa nimemuuliza kwa nini kamyo ndefu namna ile ilikuja na nafasi tupu juu, kama mtu anayetoka sokoni na kikapu nusu. Akasema ukibeba chuma, kamyo inajaa kwa uzito kabla ya kujaa kwa macho. Katika nchi za Afrika Mashariki sheria inasema kamyo na mzigo wake wasipite tani 56. Na si jumla tu: kila safu ya magurudumu ina kipimo chake. Kwenye barabara ya Tanzania kuna mizani mingi kati ya bahari na mpaka. Ukipanga tiyo nyuma sana, jumla inaweza kuwa sawa lakini magurudumu ya nyuma yakakushtaki, na hapo unalipa ama unapanga upya mzigo mzima juani.

Nilifanya hesabu na watoto wa darasa. Ukiondoa uzito wa kamyo yenyewe, inabaki karibu tani 30 za mzigo. Hiyo ni kama tiyo 80 za kipimo chetu. Zipange chini moja baada ya nyingine: metre 480. Kamyo nzima, wiki nyingi njiani, inaleta hata nusu kilometa haifiki! Kwa kilometa 10 unahitaji kamyo 21. Tangu siku ile watoto hawakuuliza tena kwa nini maji yanachelewa.

Njia yenyewe inapita Morogoro, inakatiza mbuga ya Mikumi ambapo tembo anaweza kusimama mbele yako, halafu inapanda mlima Kitonga kabla ya Iringa. Pale, shofere alisema, tiyo zinataka kurudi Dar. Chuma juu ya chuma kinateleza, kwa hiyo kati ya kila safu wanaweka mbao, kila upande wanagongomea kabari, na juu wanakaza minyororo ama mikanda. Baada ya mashimo mengi mbao zinajikaza na mnyororo unalegea. Yeye anashuka kukaza tena kila anaposimama, hata usiku, hata mvuani. Mwenzake mmoja alipuuza, na siku aliyofunga breki kwa ghafula tiyo ziliingia ndani ya kabine. Hakunimalizia habari hiyo, nami sikumwomba aimalizie.

Kisha Mbeya, kisha Tunduma ambapo anavuka kuingia Zambia, halafu barabara ndefu ya Mpika na Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, mpaka Kasumbalesa. Kasumbalesa munaijua. Wengi wetu tumeuza pale ama tumenunua pale. Kutoka mpaka huo kufika mjini hazifiki kilometa 100, lakini kamyo inaweza kulala pale siku nyingi kuliko ilivyolala njia nzima. Karatasi za dwani, karatasi ya OCC, ile fishi ya FERI ambayo inatakiwa kuwa imefanywa kabla mzigo haujapanda meli. Mzigo wa kazi ya serikali mara nyingi hausamehewi kodi mpaka barua itoke Kinshasa. Na kama karatasi inasema tiyo 82 na afisa anahesabu 80, kamyo inasimama. Upande wa pili wa barabara zinapita kamyo za shaba yetu zikienda bahari ile ile. Shofere wetu mwenyewe, akimaliza kushusha, alikuwa anakwenda Kolwezi kupakia shaba. Niliwaza sana juu ya jambo hilo, lakini si la gazeti hili.

Basi kwa nini tiyo ziko hapa na hazizikwi? Nilimuuliza shefu wa shantie, akanionyesha mdomo wa tiyo. Tiyo moja inaingia ndani ya nyingine, na katikati kunakaa mpira wa mviringo unaozuia maji kuvuja. Mipira haikuja. Iko katika kontena nyingine pamoja na valvu na viungo vya kona, na kontena hiyo ilipanda meli ya baadaye. Bila mpira, tiyo ni chuma tu. Na kuchimba mtaro kabla mipira haijafika ni kuwatengenezea watoto shimo la mvua. Jibu lake nililikubali.

Sasa la pili.

Tiyo ziliposhushwa ziliwekwa kando ya ukuta wa masomo kwa sababu hapo pana nafasi. Lakini munajua hapo panateremka kidogo kuelekea bondeni. Waliziweka safu nne kwenda juu, na kila tiyo ya mwisho ilizuiwa kwa kabari mbili za mbao. Mbao nzuri, kavu. Gunia la makala limepanda bei na sote tunajua. Sitamtaja mtu, na kwa kweli sijui ni nani, lakini kila asubuhi kabari zilipungua.

Na mimi nilifanya nini? Nilitoa darasa la sita nje na futi zao, tukapima urefu na mdomo wa tiyo, tukatafuta mzingo. Lilikuwa somo zuri, watoto wote walielewa, hata wale ambao ubaoni hawaelewi. Nilisimama mbele ya tiyo zile kwa saa nzima nikiangalia hesabu, na macho yangu hayakuangalia kabari hata mara moja. Watoto walijifunza pia kwamba mwalimu haoni ubaya kwa kuzigusa. Siku mbili baadaye, wakati wa mapumziko, wadogo zao wa darasa la tatu walikuwa wanapanda juu na kupenya ndani. Tiyo moja ya mwisho ilijisukuma, ikabingirika hatua tatu tu. Hatua tatu zilitosha.

Mtoto yuko nyumbani na plasta. Daktari alisema mfupa umekaa vizuri. Ninakwenda kwao Jumatano na Jumamosi na daftari, kwa sababu mitihani haingoji. Mama yake ananipa kiti na maji ya kunywa, maji aliyotoka kuyachota mbali na bido mbili, na hajaniambia neno baya hata moja. Ningependa aseme.

Kikao cha chama kilichofuata kilikuwa kikali. Wengine walitaka tuandike barua tiyo ziondolewe kabisa. Wengine walijibu kwamba zikiondoka leo zitapelekwa kwenye kartiye nyingine na hatutaziona tena, na binti zetu wataendelea kuchelewa masomo kwa ajili ya bido. Mimi nilikuwa upande huu wa pili, ingawa najua neno langu siku ile lilikuwa jepesi. Mwishowe wamama watano walikwenda pamoja na shefu wa avenue kumwona shefu wa shantie. Hakukataa. Grui ilirudi, tiyo zimepunguzwa kuwa safu mbili, zimegeuzwa ziwe sambamba na mteremko ili zisibingirike kuelekea njia, na kabari mpya zimepigwa misumari kwenye boriti iliyo chini. Kabari ya misumari haitoki kwa mkono. Fundi mmoja seremala amekubali kutupa vipande vya mbao kila Ijumaa, na mama ambaye hana cha kuwashia moto aje kwa mweka hazina wetu bila aibu. Ni bora kuliko kuvizia usiku.

Kuna kitu kimoja bado, na ndicho kinachofanya niandike wiki hii. Shefu wa shantie ametuambia kamyo mbili nyingine zimeshafika Kasumbalesa, na mara hii mipira iko ndani. Zitashushwa Jumanne kwenye uwanja ulio nyuma ya soko, si tena kwetu. Kushusha tiyo ni hatari kuliko kuipanga: ikining'inia kwenye grui inazunguka, na watoto wanapenda kuja kuangalia. Tunahitaji wamama wanane wa kusimama kwenye njia mbili za uwanja tangu asubuhi kabla ya kengele ya masomo mpaka kamyo zitoke, wazuie watoto na wauzaji wa kalanga wasikaribie. Wanne wamejiandikisha tayari. Mwenye kuweza aje na kitambaa chochote chekundu, kwa sababu shofere anaporudi nyuma hasikii sauti, anaona rangi tu.