Nani Anafungua Mzigo?

Kwetu Kanazi, wilayani Ngara, malori ya Rwanda huvukia Rusumo. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Aprili 2016, mzigo hukaguliwa mara moja tu, upande wa nchi unayoingia. Safari ni ya dereva, lakini ruhusa ya kupitisha mzigo iko kwa afisa wa forodha. Kijana wa Ngara anayejifunza kuandika programu anaujua mpango huo kabla hajagusa kompyuta, na ndio uliomo ndani ya lugha ya Tcl.

Tcl ilibuniwa na John Ousterhout huko Berkeley mwaka 1988. Miaka michache baadaye, Nathaniel Borenstein na Marshall Rose walitaka barua pepe iweze kubeba programu ndani yake. Hapo likazuka swali zito: utaendeshaje programu ya mtu usiyemjua bila kumkabidhi kompyuta yako?

Jibu lao lilikuwa wakalimani wawili, yaani watekelezaji wawili wa msimbo wa Tcl. Mzazi ana mamlaka yote. Mtoto hufanya kazi ya mgeni akiwa amefichwa amri za hatari: `exec`, `open`, `socket`, hata `source` na `load`. Lakini mtoto asiyeweza kupakia pakeji, yaani msimbo wa ziada, hana mengi anayoweza kufanya, na akipakia kila anachotaka, uzio haupo tena.

Kwa hiyo mtoto akiandika `package require`, hafungui faili mwenyewe. Ombi la kusoma faili huenda kwa mzazi, naye huangalia kama folda imo katika orodha aliyoiruhusu. Mtoto hata jina halisi la folda halijui. Anapewa alama tu, kama `$p(:1:)`. Akikataliwa, mzazi anaweza kuandika sababu kamili katika kumbukumbu zake, naye mtoto aambiwe kwa ufupi kwamba hana ruhusa.

Pakeji iliyoandikwa kwa lugha ya C ina sharti la ziada: lazima iwe na mlango wake maalumu, kitendaji ambacho jina lake huishia na `_SafeInit`. Usipokuwepo, haipakiwi kwa mtoto. Naliheshimu sana sharti hili, kwa sababu linamlazimu mtunzi wa pakeji, anayeijua kuliko yeyote, aamue mapema ni amri zipi zinamfaa mgeni.

Python nayo ilikuwa na moduli ya kazi hiyo, `rexec`. Ilizimwa katika toleo la 2.3, mwaka 2003, kwa kuwa msimbo wa mgeni ulipata vichochoro vya kutokea. Tcl nayo haikukamilika siku moja: kikomo cha muda na cha idadi ya amri, `interp limit`, kilikuja na toleo la 8.5 mwaka 2007. Kabla ya hapo, mgeni asiyeweza kuiba faili hata moja aliweza bado kuizungusha mashine bila mwisho.

Ndiyo maana nawasihi vijana wetu: mnapopokea msimbo wa watu, msianze kwa kuuliza kama mwandishi wake ni mwema. Ulizeni kwanza nani anafungua mzigo.