Ringi za Boriti na Jiwe Jepesi

Mkipita pale ghorofa linapojengwa mtawasikia mafundi wakibishana juu ya nondo nene zinazolala chini ya boriti. Ringi, vile vyuma vyembamba vilivyokunjwa kuzizunguka nondo, hazina mtetezi. Mimi leo nazitetea, hasa ikiwa boriti ni ya zege ya mawe mepesi.

Zege ya kawaida ina uzito wa kilo 2400 hivi kwa mita moja ya ujazo. Lakini badala ya kokoto ngumu ukitia mawe yenye vitundu vya hewa, kama yale ya volkeno yaliyo upande wa Longonot, ama udongo uliochomwa tanurini hadi ukaumuka kama mandazi, uzito waweza kushuka chini ya kilo 1900. Nguzo na msingi hupumua. Hapo sina ubishi.

Taabu iko kwenye mkato. Mzigo huisukuma boriti chini, nguzo huisukuma juu, na karibu na nguzo nguvu hizo mbili hupishana kama visu vya makasi. Ufa hutokea, tena wa mshazari. Katika zege ya kawaida, ufa huzunguka kokoto kwa sababu ni ngumu kuliko simiti iliyozishika. Nyuso za ufa hubaki na vinundu, zikang'ang'aniana kama meno ya misumeno miwili. Lakini jiwe jepesi, wapi! Ufa hulipasua katikati, nyuso zikabaki laini, na kuteleza kukawa rahisi. Ndiyo maana kanuni ya Uingereza iitwayo BS 8110 iliihesabia zege hiyo asilimia 80 tu ya nguvu ya kawaida dhidi ya mkato. Wamarekani hushuka hadi 75, mawe na mchanga vyote vikiwa vyepesi.

Ringi huuvuka ufa na kuushona. Boriti inayoshindwa kwa kupinda hulegea kwanza, watu wakakimbia. Ya mkato isiyo na ringi huanguka ghafula. Mwaka 1955 huko Shelby, Ohio, paa la ghala la jeshi la anga la Marekani liliporomoka hivyo. Pale boriti zilipopasuka hapakuwa na ringi. Baadaye kanuni zao za mkato zikakazwa.

Basi fundi akisema eti jiwe ni jepesi, chuma kipunguzwe, muulize ni chuma kipi. Nondo za chini labda, maana mzigo umepungua. Ringi zina hesabu yake, na zile za karibu na nguzo ndizo hubanana zaidi.