Ziba Sampu ya Gari Lako Kabla Injini Haijafa

Ndugu mkulima, katika skimu za Machakos, kuanzia vilima vya Mua hadi Yatta, pikapu ni mtumishi mkubwa. Hupeleka maembe sokoni na kurudi na mbolea. Lakini njia nyingi ni za mawe, na jiwe likigonga chini ya gari huumiza sampu, yaani lile karai lililofungwa chini ya injini kuweka mafuta.

Ukiona doa jeusi chini ya gari asubuhi, usilidharau. Mafuta yakipungua mno, pampu hunyonya hewa, vyuma husagana, na injini hukaza. Bei ya gasketi ni ndogo. Bei ya injini huweza kula mavuno ya msimu mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwanza, tafuta panapovuja

Mafuta huteremka. Pengine yanatoka juu, kwenye kifuniko cha vali, nawe ukailaumu sampu bure. Safisha injini yote kwa kitambaa, endesha mwendo mfupi, kisha tazama mahali palipolowa kwanza. Tazama pia boliti ya kumwagia mafuta: mara nyingi ni washa yake tu iliyochakaa.

Kufungua

Simamisha gari mahali tambarare, penye udongo mgumu. Zuia magurudumu kwa mawe. Ukiinua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Mwaga mafuta yakiwa vuguvugu, si ya moto. Fungua boliti zote, kisha gonga sampu taratibu kwa nyundo ya mpira au kwa kipande cha mti. Usiingize bisibisi kwa nguvu, maana kovu moja kwenye chuma ni njia mpya ya mafuta. Katika magari mengine sampu haitoki mpaka injini iinuliwe. Kazi hiyo mwachie fundi.

Kusafisha

Hapa ndipo wengi hushindwa. Kwangua gasketi ya zamani yote, juu na chini. Osha sampu kwa mafuta ya taa, mbali na moto na sigara, ukaushe, kisha pangusa kingo kwa spiriti. Gundi haishiki penye mafuta. Sasa chunguza matundu ya boliti. Kama sampu ni ya bati, na mtu aliwahi kukaza kupita kiasi, utaona bati limebonyea kuzunguka tundu. Liweke juu ya chuma bapa uligonge polepole mpaka linyooke. Bila hivyo, hata gasketi mpya itavuja.

Kuziba

Fuata kitabu cha gari lako: injini nyingine hutumia gasketi, nyingine gundi ya silikoni peke yake. Kama ni silikoni, paka mstari mmoja usiokatika, wenye unene wa milimita 3 hivi, ukipita upande wa ndani wa matundu. Usizidishe! Gundi iliyozidi hujiminya ndani, hukatika vipande, na kuvutwa mpaka kwenye chujio la pampu ikaliziba. Hapo utakuwa umezuia tone la nje na kuua injini kwa ndani.

Rudisha sampu upesi, kabla gundi haijaanza kukauka. Ingiza boliti zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza kidogo kidogo kwa spana fupi, ukianzia katikati na kwenda pembeni, upande huu na upande ule. Boliti hizi ni ndogo. Hazitaki nguvu za jembe.

Iache gundi ikauke muda ulioandikwa kwenye kopo. Nyingi hutaka saa 24. Ndipo utie mafuta mapya, uwashe injini, na kuhakikisha taa ya mafuta imezimika. Ikiendelea kuwaka, zima mara moja. Ikizimika, iache injini ipate moto, halafu chungulia tena chini.

Mafuta machafu usiyamwage shambani wala karibu na kisima. Yatie ndani ya debe lenye kifuniko uyapeleke kwa wanaoyakusanya. Na kila juma, kabla ya safari ya sokoni, chomoa kijiti cha mafuta ukitazame. Ni kazi ya dakika moja.